Gayogayo wa Tunduma

Jumamosi, 7 Mei 1983

Leo Ishaka kaniletea kabati la maandazi. Tupu!

Mwaka wa pili huu hoteli ya Seleman pale barabarani haina sukari, haina unga wa ngano, haina andazi hata la kuchora. Kabati lake la vioo lilikuwa limebaki kuonyesha vumbi. Sasa liko ukumbini kwangu, kati ya cherehani na dirisha, na kila nikigeuka kuchukua mkasi nalipiga kiwiko. Nikamwuliza mume wangu: umeacha ugadi wa treni, unaanza biashara ya chai? Akasema subiri. Mtu huyu akisema subiri, ujue kuna balaa linapikwa.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kuna viuno na vifua vya nusu ya wanawake wa Tunduma, nyuma kuna mambo yangu. Ishaka halifungui, anasema ni daftari la aibu.

Niliandike na hili, nisije nikalikana. Wiki iliyopita nilimwambia nimechoka. Miaka mitatu ya baridi hii, upepo huu, malori ya mpakani yanayonguruma tangu alfajiri, na mtu sina wa kuongea naye ila mwenye kitambaa cha kushona. Nikamwambia Ramadhani hii nakwenda kufunga kwa mama, Kilwa. Sikusema nitarudi lini. Yeye hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu! Alitoka tu nje kupasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa.

Jumatatu, 9 Mei

Kaja Lusubilo, fundi wa kuchomelea. Kavunja kabati lote, kabakiza vioo vinne na kimoja cha chini. Anaviundia fremu ya chuma. Akauliza jeneza hili ni la nani, mbona watu wote wataona ndani? Ishaka akajibu: la samaki. Lusubilo kaweka nyundo chini. Kasema yeye samaki anawajua wa kukaanga na wa kukausha, wa kujengewa hajapata kumsikia.

Kumbe ndiyo balaa lenyewe. Samaki wa baharini. Tunduma!

Nikamwuliza Ishaka: na bahari utaitoa wapi, kwenye bomba la stesheni? Akasema subiri.

Alhamisi, 12 Mei

Limevuja. Kanga ya watu imelowa, na gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Nilisema maneno ambayo sitayaandika.

Jumapili, 15 Mei

Limevuja tena, ila kidogo, tone kwa tone. Lusubilo kapaka lami pembeni zote kwa nje. Nyumba inanuka barabara mpya. Ishaka kaondoka na treni ya Dar jioni, na madumu sita matupu. Stesheni nzima ilikuwa inamcheka, naye anawapungia mkono mwungwana wa watu!

Jumatano, 18 Mei

Bahari imefika Tunduma. Imekuja kwa treni.

Madumu sita ya maji, kiroba cha mchanga wa pwani, na ndoo yenye kifuniko ambayo hakutaka mtu aishike. Njia nzima kakaa nayo kwenye behewa la gadi, anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Macho mekundu kama mla pilipili. Anasema hakufumba jicho tangu Dar, na anasema kwa fahari.

Akafunua. Nikachungulia. Mchanga na maji, basi. Nikamwambia pole, mume wangu, umesafirisha mchanga. Akatia kidole—mchanga ukakimbia!

Gayogayo! Wa kiganja tu, mdogo, bapa, macho yote mawili upande mmoja. Kwetu Kilwa maji yakitoka tunawakanyaga, hatuwatazami mara mbili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwuliza: samaki wote wale wa rangi za kupendeza, wewe ukaniletea huyu aliyelaliwa na gogo? Akasema: hao wa rangi wanataka kuogelea huku na huku, tangi letu dogo. Huyu analala chini, anatulia, anafanana na mchanga wa popote anapowekwa. Akanitazama. Nikajua hazungumzii samaki.

Halafu sikucheka tena. Harufu ya ile ndoo. Jamani, ile harufu! Nilikwenda jikoni nikajifanya moshi umenipalia.

Tumemwaga madumu manne ndani, mawili yamebaki akiba. Hewa inatoka kwenye tyubu ya lori: unaijaza kwa pampu ya baiskeli, mpira mwembamba unapeleka hewa kwenye maji, na mwisho wa mpira kazibia kijiti laini, mapovu yanatoka madogo madogo. Kila baada ya saa kadhaa lazima ipampiwe upya. Nikauliza ukiwa safarini nani atapampu? Akanitazama tena. Ehe! Nimeolewa na samaki.

Kisha akaniambia hivi. Akifika Ramadhani yu hai, Siti, funga hapa na mimi. Akifa, nakukatia tiketi mwenyewe. Nikamwambia nimekubali, na anikatie ya mapema, gayogayo huyu hafiki Jumapili.

Alhamisi, 19 Mei

Msako! Kuna mtu kasema kwa gadi yameingia madumu sita, na hayajulikani yana nini. Siku hizi ukionekana na sabuni mbili unaitwa mlanguzi, seuze madumu sita. Kaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nikodemo, koti limefungwa vifungo vyote, na mgambo wawili.

Akapokea shikamoo, akakaa, akauliza ni gongo? Ishaka akasema ni bahari, mzee. Mzee Nikodemo akauliza bahari ya nani, na kibali cha kuihamisha kiko wapi. Ishaka akamiminia kikombe. Mzee akanusa. Akanywa—funda zima! Nami namwona jinsi macho yanavyomtoka. Lakini balozi hatemi mbele ya mgambo wake. Alimeza. Akaomba maji ya kawaida, vikombe vitatu. Kisha akatamka: si pombe, na wala si maji. Akaandika kwenye kijitabu chake: madumu sita, bahari, matumizi ya nyumbani.

Mgambo mmoja alikuwa ameinamia tangi. Akauliza kwa huruma kabisa: huyu kakanyagwa na nani?

Mzee Nikodemo naye akainama. Akaangalia yale macho mawili upande mmoja, akasema upande wa chini basi kila kitu kinampita. Ishaka akamkabidhi pampu. Balozi akapampu, na koti lake, bila kufungua kifungo hata kimoja. Nilikwenda tena jikoni. Safari hii nilikuwa nacheka.

Jumapili, 22 Mei

Hajafa.

Wametoka kanisani, wamekuja moja kwa moja kwangu. Kwanza watano, halafu sikuweza kuhesabu. Nyumba hii haijapata kuingia watu wengi namna hii tangu tuhamie. Ishaka kaweka sheria: kutazama ni bure, ila kila mtu apampu kumi. Wanaume wanashindana. Lusubilo kapampu arobaini, anawaambia watu tangi kaliunda yeye na halivuji hata tone. Sikumtaja yule bibi harusi.

Jirani yetu Nesta kaja na kibakuli cha ugali. Wa samaki! Alikuwa ameutia nusu tonge ndani nilipomdaka mkono. Akashangaa: mgeni katoka mbali hivyo, siku nne, hamjampikia? Nikamweleza anakula minyoo na vipande vya dagaa. Akaniambia, hivyo ndivyo unavyowafanyia wageni, mdogo wangu, ndiyo maana hawaji. Kasema anacheka. Lakini limeniingia.

Jumanne, 24 Mei

Simwoni. Kutwa nzima simwoni. Nimezunguka vioo vyote. Nimefurahi. Nimesema kwa sauti: haya, tiketi!

Saa kumi macho mawili yakatokeza mchangani, hapo hapo chini ya pua yangu. Alikuwa ananitazama muda wote! Nimemwambia shenzi.

Nimempa mnyoo.

Jumapili, 29 Mei

Ishaka kapangiwa Dar siku kumi na nne, anashika nafasi ya mtu aliye likizo. Anaondoka kesho. Kanipa mafunzo kana kwamba napelekwa jeshini.

Moja: pampu. Mbili: chakula kidogo, mabaki yatolewe. Tatu: maji yakishuka chini ya mstari huu, jaza kutoka kwenye madumu ya akiba, maana samaki wa baharini hapewi maji mengine ila ya bahari. Kisha akatoa penseli yenye msumari mdogo mkiani. Inaelea wima. Kaikata alama kwa wembe siku ile ya kwanza kabisa: bahari ya kweli inagusa alama hapa. Alama ikipanda juu ya maji, chumvi imezidi. Ikizama, imepungua. Nikamwuliza haya kayatoa wapi. Mzee mmoja wa Kichina wakati wa kujenga reli, alikuwa anafuga kamba wa mtoni kwenye karai. Sijui kama ni kweli. Ishaka hadithi zake zote zina Mchina ndani.

Mlangoni akasema, Siti, akifa usimtupe mpaka nije. Nikamwambia nitamkaanga. Hakucheka, akaenda.

Jumatano, 1 Juni

Upepo huu wa kiangazi unakunywa maji. Asubuhi yameshuka vidole viwili. Nimejaza kama nilivyoagizwa. Penseli imepanda, alama iko juu ya maji. Chumvi imezidi? Nani kaitia? Chumvi yenyewe dukani hakuna mwezi wa tatu, mtu aje aimwage humo! Nadhani penseli imelowa.

Nesta kaja kupampu. Anakuja kila siku sasa, na shughuli zake anaziacha shamba. Anamwita samaki "mgonjwa".

Ijumaa, 3 Juni

Hali chakula. Kalala juu ya mchanga, hajifukii, rangi imefifia. Mashavu yanapumua haraka haraka. Akiba ya bahari nimeimaliza asubuhi hii. Nimemwita Nesta dirishani, nikamwuliza chumvi nitaipata wapi. Mchana kaniletea chumvi ya Ivuna, ile ya chemchemi, imefungwa kwenye majani, ndugu zake wa Msangano walimletea. Ya kula kwake mwenyewe! Nikakoroga kwenye jagi, nikaonja. Ni chumvi, ndiyo, ila si bahari. Ina ukali mwingine nyuma ya ulimi. Nikamimina nusu jagi.

Saa kumi na moja hali ilikuwa mbaya zaidi.

Nimekaa hapa nalia. Kwa ajili ya gayogayo! Mwasiti mie, niliyezaliwa Kilwa, nimekula ndugu zake wote. Na akifa, si ndilo nililotaka? Tiketi, mama, Ramadhani ya nyumbani. Sasa nalia nini? Nesta kanikuta hivyo. Hakuuliza. Kapampu mpaka tyubu ikakaribia kupasuka.

Jumamosi, 4 Juni

Kaamka! Hajala, lakini kajifukia nusu. Mashavu yametulia kidogo. Na maji hayajashuka leo. Ajabu. Labda upepo umepungua.

Basi ni chumvi ya Ivuna. Nimemwambia Nesta: chumvi yako dawa! Akatazama pembeni, akasema, eh.

Jumapili, 5 Juni

Nimegombana na Nesta.

Nilitoka kuanua nguo. Narudi—yuko kwenye tangi na jagi, anamimina. Maji ya mtoni! Maji matamu! Nikapiga kelele. Akasema, polepole, kwamba anafanya hivyo kila akija tangu juzi. Ile chumvi aliileta yeye, akamwona mgonjwa anazidi kudhoofika, roho ikamsuta. Akasema: hata binadamu, ukimpa chumvi asubuhi chumvi jioni, utakosa kumpa na maji ya kunywa?

Nikamwambia hajui kitu. Nikamwambia yeye bahari kaisikia kanisani tu, mie nimezaliwa ndani yake, aende akafuge panya wake wa shambani. Nilisema hivyo. Mbele ya Mzee Nikodemo, aliyekuwa kwenye foleni ya pampu.

Nesta kaweka jagi mezani, kajifunga kanga vizuri, kaenda. Mzee Nikodemo akaniambia: mwanangu, umeharibu. Akaenda na yeye.

Jumatatu, 6 Juni

Hakuna aliyekuja. Hata mmoja. Nimepampu peke yangu tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi. Nyumba imerudi kuwa ile ya miaka mitatu—cherehani na upepo.

Samaki kala. Vipande vitatu! Kajifukia kama siku ya kwanza.

Nikaitazama penseli. Alama imegusa maji. Hapo hapo, sawasawa! Nikasema haiwezekani, huyu mwanamke kammiminia majagi ya maji ya mtoni, bahari ingekuwa imekwisha.

Nilikaa nalo kitambo kirefu. Halafu likaja, nikajipiga kofi la paji la uso. Mashamba ya chumvi! Mjomba kule kwetu kazi yake nini maisha yote? Anaingiza bahari shambani, jua linakausha maji, chumvi inabaki. Maji yanaondoka, chumvi haiondoki! Mie mtoto wa watu wa chumvi, nimefagia chumvi ile kwa fagio, halafu naweka bahari dirishani kwenye upepo wa Tunduma, ikikauka naongeza bahari nyingine juu yake. Chumvi juu ya chumvi! Nilikuwa namvunia chumvi kiumbe wa watu akiwa hai. Na Ishaka naye mtoto wa pwani, na Mchina wake!

Anayejua ni Nesta peke yake, ambaye bahari hajaiona. Kajua kwa kumwonea huruma.

Jumanne, 7 Juni

Nimekwenda kwa Nesta.

Hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Miaka mitatu sijaingia jikoni kwake, nilikuwa naishia uani, napokea kitambaa, narudi. Nilimkuta anapukuchua maharage. Nikapiga magoti, shikamoo dada. Hakuitikia. Nikamweleza yote, chumvi, jua, mjomba, penseli. Nikamwambia aliyemwokoa ni wewe, mie nilikuwa namuua. Aliendelea kupukuchua. Nikasema na neno la panya nalirudisha, lilikuwa la kipumbavu, nisamehe.

Akanisogezea ungo. Akasema maharage haya hayajipukuchui.

Tumekaa mpaka jua likazama. Kanisimulia habari za mume wake wa kwanza, nimecheka mpaka mbavu. Kanifundisha salamu za Kinyamwanga, natamka vibaya, watoto wake wakubwa wanaanguka chini kwa kicheko. Wakati wa kuondoka akauliza: mgonjwa wetu kanywa maji leo? Nikamwambia bado, anakusubiri.

Jumatano, 8 Juni

Wamerudi wote. Mzee Nikodemo wa kwanza! Kavua koti.

Sokoni mwanamke nisiyemjua kaniita Mama Samaki. Zamani walikuwa wananiita yule wa cherehani.

Alhamisi, 9 Juni

Danford, karani wa stesheni, kaja mbio saa nane na bahasha mkononi. Imetoka makao makuu, anasema, na yeye keshajua iliyomo maana simu ilitangulia. Mama, hongera! Mnarudi pwani!

Nikamwambia amekosea nyumba. Akanionyesha. Gadi Ishaka anahamishiwa stesheni ya Dar es Salaam, kuanzia mwezi ujao, na mkewe kapewa tiketi. Ajibu kama amekubali kabla ya saa nne asubuhi, Jumatatu tarehe 13. Asipojibu nafasi anapewa mwingine.

Na juu, kwanza kabisa: kufuatia ombi lako la tarehe 2 Mei.

Tarehe 2 Mei. Siku ngapi baada ya mimi kumwambia nimechoka? Mbili. Kabla ya kabati. Kabla ya madumu. Aliomba kuondoka kwa ajili yangu, na hakuniambia, maana wakikataa asinivunje moyo. Halafu, wakati anangoja, akaenda kuniletea bahari. Masikini Ishaka! Mwanamume gani huyu.

Danford anangoja nipige vigelegele. Nikasikia mdomo wangu unamwomba asimwambie Ishaka akifika, mie nataka kumshtua mwenyewe. Akafurahi sana. Akacheka akaahidi. Akapampu kumi akaenda.

Sikupiga vigelegele.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeshona nguo moja kutwa nzima, na mikono nimeipachika kinyume.

Dar! Basi moja tu mpaka Kilwa. Mama nitamwona hata mwezi mara mbili. Joto. Nazi. Pweza. Nimekaa nikaorodhesha yote moyoni, kila moja nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nesta kaingia na boga. Nimeshindwa kumtazama.

Jumamosi, 11 Juni

Sijamwambia mtu. Nesta kaniuliza naumwa? Nikasema mkono, wa pampu.

Anasema mfungo ukianza yeye atakuwa ananiletea viazi vitamu vya kufuturu, kalima vingi mwaka huu, na ana hamu ya kujua mtu anakaaje mchana kutwa bila kula. Atajaribu siku moja, kasema. Moja tu, ila saa sita anywe uji.

Jumapili, 12 Juni

Ishaka karudi. Treni ya mchana, na madumu manne mapya. Hakuniamkia! Kapita moja kwa moja, kapiga magoti mbele ya tangi na kofia yake ya ugadi kichwani. Mgonjwa alikuwa kajifukia. Nikaona mabega ya Ishaka yanashuka, taratibu. Nikamwacha hivyo kidogo, Mungu anisamehe, miaka mitatu namdai mchezo mmoja. Kisha nikadondosha mnyoo.

Mchanga ukaruka!

Ishaka alipiga ukelele mpaka Lusubilo akatokea barabarani na nyundo. Akanigeukia, ananicheka meno yote: bibie, mwezi ni leo au kesho. Umeshindwa! Nikamwambia nimeshindwa. Nikamweleza ya chumvi na ya Nesta, akashika kichwa. Anasema hata yule Mchina hakumwambia hilo.

Tumekula. Akachezea kijiko. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kama stesheni hawajaleta karatasi yoyote yake. Nilimtazama sana. Miaka yote hii namjua, na sikuweza kupambanua kama anataka iwepo au anataka isiwepo.

Nikamwambia kwanza akachote maji matamu, tangi limeshuka vidole viwili. Kaenda kwa Nesta na ndoo. Ndiyo nafasi niliyonayo ya kuandika haya. Bahasha iko hapa juu ya meza ya cherehani. Kesho saa nne. Najua nitampa, ni yake, kaiomba kwa ajili yangu, na nikisema twende tutakwenda bila yeye kuuliza neno. Nikisema tubaki, pia hatauliza.

Nawasikia huko. Nesta anamtania kwamba samaki sasa ni Mnyamwanga, na akimhamisha atamshtaki kwa balozi. Ishaka anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo nje ya nyumba tangu tuje.

Najaribu hapa tu, nione jibu lake lingesomekaje. "Nashukuru kwa kukubaliwa ombi langu. Ila mke wangu—"

Ila mke wangu nini? Anakuja, ndoo inagonga mlango.